Matundu Mia Nne na Kumi na Mawili

Kazi yangu ni kuziba matundu. Kwenye karatasi za manispaa wameandika cheo kirefu zaidi, msimamizi wa utundikaji, na ni kweli picha nazitundika mimi. Lakini kutundika kila mtu anakuona. Kazi yenyewe huanza onyesho likiisha, picha zikishafungwa na kuondoka na lori, ukuta ukabaki na alama za misumari na skrubu kama uso uliotoka ndui. Hapo naingia na lipu yangu, kisu, msasa na rangi nyeupe. Nimeifanya miaka ishirini na sita. Nikimaliza, chukua taa, iweke ubavuni mwa ukuta, mulika kutoka kushoto, mulika kutoka kulia, hutaona kitu. Najisifu, ndiyo, maana ikiwa nzuri kazi yangu haionekani, na kisichoonekana hakuna wa kukisifu.

Mahali penyewe ni Houdequin, huku kwetu Kaskazini, karibu na mpaka wa Ubelgiji, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu. Nusu ya jengo ni shule ya sanaa ya umma, nusu ni kituo cha sanaa ya kisasa, na katikati kuna ushoroba mmoja na mashine moja ya kahawa inayogombewa na pande zote mbili. Wanafunzi wakienda chooni hupita mbele ya kazi za wasanii wakubwa, na wasanii wakubwa wakienda kuvuta sigara hupita mbele ya kazi za wanafunzi, na hadi leo sijui nani hufaidika zaidi. Jumatano wanakuja watoto wa mtaani. Alhamisi wanakuja wastaafu wanaochora vyungu vya maua, na hao ndio wanaonikaripia nikichelewa kufungua mlango.

Mwezi wa Juni kituo hakina maonyesho. Kumbi zote wanapewa wanafunzi wa mwaka wa tano kwa mtihani wao wa mwisho. Kila mmoja anaweka kazi yake ukumbini, wanakuja watahini watano kutoka nje, na kwa dakika arobaini wanatazama, wanasikiliza, wanauliza. Kutazama peke yake hakutoshi. Lazima mwanafunzi azungumze, aieleze kazi yake, aitetee. Na hapo ndipo penye shida ya Romane.

Romane Kaczmarek ni binti wa yule mama mwenye kibanda cha chipsi karibu na stesheni. Mwaka uliotangulia alisimama mbele ya watahini akasema "habari za mchana", na baada ya dakika arobaini akasema "asanteni". Kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Walimuuliza maswali, akawatazama. Wakamwangusha, na wangefanyaje? Sheria inamruhusu mtu kurudia mara moja tu. Akianguka tena anakwenda nyumbani mikono mitupu baada ya miaka sita.

Nilimfahamu kwa sababu alikuwa akija kula mkate wake stoo kwangu, ameketi juu ya ndoo ya rangi. Stoo hakuna anayekuuliza dhana yako ni ipi. Hakuwa na majivuno wala hakuwa na huzuni, maneno yalikuwa yakimkwama tu. Ukimuuliza kitu alikujibu ndiyo, hapana, au labda, na "labda" ilikuwa siku ameamka vizuri. Nilimpenda kuliko wale wanaoongea mpaka vigae vinatikisika.

Mwezi wa Mei aliniomba ufunguo wa kabati la kumbukumbu, lile lenye michoro ya kila onyesho na madaftari ya walinzi. Nikampa. Sikuuliza wa nini. Wiki iliyofuata nikaenda kupasuliwa goti, nikalala nyumbani wiki tatu nikitazama mbio za baiskeli kwenye televisheni, nikarudi kazini Jumanne ya mtihani.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye ubao wa ratiba imeandikwa: ukumbi mdogo, Kaczmarek, saa nane mchana. Nikaenda kuona kama mtoto ana kila anachohitaji. Nikawasha taa, na damu ikanipanda kichwani. Ukumbini hapakuwa na picha, wala sanamu, wala kibandiko chenye jina. Kulikuwa na ukuta wangu, mita kumi na mbili, umetobolewa kutoka juu hadi chini. Nikajua ni wale wahuni wa mwaka wa pili, wamejaribishia mashine zao za kutobolea hapo. Wiki tatu tu sipo. Na maskini Romane atahiniwe mbele ya uchafu huu?

Sikumpigia mtu simu. Mpishi akikuta sahani chafu anampigia nani? Nilileta ngazi, nikakoroga lipu ile inayokauka upesi, nikaanza. Goti lilikuwa likiniuma, nikalitukana na kuendelea. Niliziba tundu moja baada ya jingine, nikapiga msasa, nikarudia mkono wa pili, nikapiga msasa tena, nikapaka rangi. Niliifanya kwa mapenzi, naomba hilo lieleweke. Ilipofika saa sita kasoro ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa. Nikakaa kwenye ngazi nikiutazama, nikijiambia kwamba leo mtoto huyu, hata asiposema neno, atakuwa na ukuta wa maana nyuma yake.

Romane akaingia na boksi mikononi. Alikuwa ametoka kwa wachapishaji kuchukua vijitabu vyake. Alisimama mlangoni, akautazama ukuta, akautazama mkono wangu wenye rangi, kisha akaliweka boksi chini polepole.

"Jojo," akasema. Jina langu ni Josiane, lakini wote hapa wananiita hivyo. "Yalikuwa mia nne na kumi na mawili."

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kama hiyo. Nikachukua kijitabu kimoja. Kila ukurasa una tundu moja: namba yake, urefu kutoka sakafuni, umbali kutoka dirishani, mwaka, na nini kilining'inia hapo. Kutoka siku kituo kilipofunguliwa, mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja, mpaka majira ya baridi yaliyopita. Kwa michoro ya kabatini na mita ya mkononi alikuwa ametafuta kila mahali palipowahi kuzibwa, akapafungua tena kwa patasi ndogo, moja moja, wiki tatu nzima. Kazi yake ilikuwa ni matundu. Na mimi niliyafuta yote kabla ya chakula cha mchana.

Nilimwambia samahani mara tano au sita, na kila niliposema niliona jinsi neno lenyewe lilivyo dogo. Hakulia, hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Nikaenda nikichechemea mpaka kwa mkurugenzi wetu, Tiphaine Lesage, mwanamke mrefu mwenye mikufu mizito ya udongo, anayeongoza shule na kituo vyote viwili na kulala kidogo. Nikamweleza. Akashika kichwa. Kuahirisha haiwezekani, akasema, kesho watahini wanarudi kwao, kila mmoja ana treni yake. Kisha akatazama saa, rangi ikamrudia usoni kidogo. Wamekwenda kula, akasema.

Hapo nikapata pumzi. Katika nchi yetu hakuna mtahini aliyewahi kuinuka mezani kabla ya kahawa, na miongoni mwao alikuwepo Mbelgiji, ambaye baada ya kahawa ataagiza bia. Tulikuwa na muda mpaka saa nane kamili, na pengine robo saa juu yake.

Nikaleta mashine ya kutobolea. Nikaweka taa ubavuni mwa ukuta ili nione nilipoziba, na sikuona kitu. Nikaisogeza kulia, nikaisogeza kushoto, nikakaribisha pua. Hakuna. Hiyo ndiyo siku niliyoilaani kazi yangu nzuri. Ikabidi tupime kila tundu upya kwa kufuata kijitabu. Na hata hapo tulikwenda kwa mwendo wa kobe, kwa sababu Romane hakuwa akinisomea. Alikuwa akiniinulia ukurasa na kuweka kidole kwenye namba. Mimi nashuka ngazi, natafuta miwani, nasoma, napanda, napima, natoboa, nashuka tena. Nilimwambia asome. Alifungua mdomo, akaufunga, akaniinulia ukurasa.

Saa nane na dakika kumi walipoingia tulikuwa tumefungua matundu sitini na matatu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nywele zimejaa vumbi. Watahini wakakaa kwenye viti vyao vitano, wenye furaha ya watu walioshiba. Mwenyekiti wao ndiye alikuwa yule Mbelgiji, Godelieve Haegeman, mchongaji, mashavu mekundu, mikono mikubwa kama ya mwokaji mikate. Tiphaine akapita chini ya ngazi yangu, akanong'ona bila kunitazama: "Endelea kutoboa tu. Watadhani ndivyo ilivyopangwa."

Romane akasimama katikati ya ukumbi na kijitabu chake. Akasema habari za mchana. Kisha kikaja kile kimya nilichosimuliwa mwaka jana. Kilipita dakika nzima, ikaja ya pili. Mtahini mmoja akakohoa. Mwingine akaandika kitu, na nikajua anaandika nini. Niliona shingo ya Romane imekuwa nyekundu mpaka masikioni, na nikahisi kutaka kulia mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, juu ya ngazi. Nilitaka kushuka nikasome ukurasa unaofuata, angalau mkono wangu ufanye kitu. Goti likakataa. Lilikuwa limekazana, halipindi kwenda juu wala chini.

"Romane," nikasema, "mimi siwezi kushuka tena. Nisomee."

Akanitazama.

"Nisomee, mwanangu, la sivyo natoboa popote."

Nikawasha mashine nikaielekeza ukutani, na naapa ningetoboa.

"Usitoboe popote," akasema Romane, tena kwa ukali. "Mita moja na hamsini na sita kutoka chini. Sogea kushoto. Kushoto kwako, Jojo. Hapo. Mwaka tisini na nne."

"Kilikuwa nini?" nikamuuliza, kwa sababu mwaka tisini na nne mimi sikuwepo.

Akasema ilikuwa picha ya ng'ombe watatu, ilikaa siku nane imepinduliwa juu chini, wakosoaji wawili wakaiandika vizuri magazetini, mpaka mtoto wa Jumatano akauliza kwa nini ng'ombe wanaanguka. Wale watahini wakacheka. Romane akashtuka, kama mtu aliyeangusha kijiko. Akafungua ukurasa mwingine haraka, nadhani ili wasipate nafasi ya kumtazama, akanisomea tundu la pili. Nikatoboa. Akasoma la tatu.

Kuanzia hapo sikupata hata nafasi ya kujifuta jasho. Lile tundu la juu kabisa, mita tatu, ni la msanii aliyeona aibu kwa picha yake mwenyewe akaomba itundikwe mahali ambapo hakuna atakayeiona vizuri, na ndiyo picha pekee iliyoibwa katika historia ya kituo. Hili la pembeni halikuzibwa na Jojo, akawaambia, lilizibwa na mzee Fernand aliyemtangulia, ambaye alizibia dawa ya meno. Bi Haegeman akainuka kwenye kiti chake akaenda kunusa. Akadai bado ananusa mnanaa. Mwenzake akamwambia huo ni mnanaa wa pipi iliyo mdomoni mwake. Kisha yakaja matundu manne yaliyofuatana, sentimita moja baada ya nyingine. Mume na mke, wachoraji wote wawili, waligombana siku nzima juu ya mahali picha ikae. Mlinzi aliandika katika daftari, na Romane akalisoma kwa sauti: "Saa kumi na moja jioni. Josiane ametukana."

"Sikutukana," nikasema kutoka juu. "Nilitaja vitu kwa majina yake."

Ukumbi mzima ukacheka, na Romane akacheka nao. Nilikuwa sijawahi kumwona meno yake yote.

Kisha Bi Haegeman akainua mkono wake mkubwa. Akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. Je, kazi ilipangwa iwe hivi, huyu mama atoboe na wewe usome? Nyuma ya viti Tiphaine alikuwa akitikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, akitikisa kwa nguvu mpaka mikufu inagongana. Ilikuwa rahisi. Neno "ndiyo" Romane alilijua vizuri kuliko maneno yote.

"Hapana," akasema Romane. "Jana kazi ilikuwa imekamilika. Leo asubuhi Jojo ameiziba yote. Hakujua."

Nikafumba macho. Nikajisemea imekwisha.

"Mchana huu nilitaka kumpiga," akaendelea. "Kweli kabisa. Nimefungua matundu haya wiki tatu, yeye kayafunga kwa saa sita, na huwezi kuona hata moja. Mmejaribu kutafuta? Jaribuni. Hapo mnapotazama pana matundu kumi na tisa." Watahini wakasogeza vichwa. "Mimi nilidhani nawaonyesha picha zilizokuwepo. Lakini kila mtu hapa anazikumbuka picha. Hakuna anayejua kwamba baada ya kila moja mtu alikuja akaufanya ukuta uwe mpya ili ifuatayo ipate mahali. Jana ukuta wangu ulikuwa matundu tu. Nilikuwa nimemtoa yeye. Leo karudi kazini, kafanya kazi yake. Ningeshangaa kama asingefanya."

Sijui alikuwa amezitunza wapi sentensi hizo. Nilikuwa nimeizima mashine, nisikose hata neno.

Bi Haegeman akatazama saa akasema dakika arobaini zimekwisha. Romane akamjibu kwamba bado ana matundu mia tatu na saba. Hakusema kwa ujeuri, alikuwa akimpa taarifa. Yule Mbelgiji akawatazama wenzake, akakaa vizuri kitini, akasema basi tusikilize mengine kidogo. Tukaenda dakika ishirini nyingine, mpaka mwanafunzi anayefuata akaja kuchungulia mlangoni.

Watahini wawili ndio walionishusha kwenye ngazi, mmoja huku, mmoja kule, kama kabati. Tukatolewa nje, mlango ukafungwa wakashauriane. Tukasimama ushorobani, kwenye mashine ya kahawa. Tiphaine alikuwa akitafuna shanga ya mkufu wake. Nilimwomba Romane msamaha mara nyingine. Akaniambia ninyamaze kidogo, anasikiliza mlangoni. Binti huyo, akaniambia mimi ninyamaze. Nikanyamaza kwa furaha.

Mlango ukafunguliwa baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. Bi Haegeman akasimama pale na karatasi, akasoma kwa sauti rasmi kwamba Bi Kaczmarek Romane amefaulu, na watahini kwa kauli moja wanampa pongezi maalumu. Kisha akaikunja karatasi, akaniuliza mimi kwa sauti ya kawaida ninatumia lipu gani. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi.

Romane alikuwa tayari ana simu sikioni. Alikuwa akimpigia mama yake kibandani. Akaanza kusimulia hapo hapo, akitembea huku na huku ushorobani: ukuta, mimi, lipu, goti, ng'ombe, mnanaa, Mbelgiji, yote kwa mkupuo, akirudi nyuma kuongeza aliyosahau, mkono wake wa kushoto ukichora matundu hewani. Wastaafu wawili waliokuja kuulizia darasa la Alhamisi walisimama kumsikiliza. Alisimulia dakika tano bila kupumua. Kisha akasimama, akakunja uso, akaniletea simu.

"Anakutaka wewe," akasema.

Nikaipokea. Mama yake alikuwa akipumua kwa kasi.

"Jojo," akasema, "tafadhali niambie wewe. Kapita au kaanguka? Anaongea haraka mno, simwelewi hata kidogo."

Nikamwambia kapita, tena kwa pongezi. Upande wa pili nilisikia mafuta ya chipsi yakichemka, nikasikia mteja akiomba mayonezi, na hakuna aliyemjibu. Kisha akapenga kamasi, akaniambia nimrudishie binti yake simu, aanze upya, tangu mwanzo, na mara hii asiruke kitu.